Koki ya Jumamosi

Zohra alijua pampu imekufa kabla hajafumbua macho. Nyumba yao ya North York, huko Kanada, ina mazoea yake asubuhi za baridi: rejeta ya chumbani hugonga-gonga kidogo ikipata moto, kama mtu mzima anayenyoosha viungo kabla ya kushuka kitandani. Ijumaa ile rejeta ilikaa kimya. Akatoa mkono nje ya blanketi, akaigusa. Chuma kilikuwa baridi, baridi ile isiyo na haya, na nje ya dirisha theluji ya Februari ilikuwa imejilaza uani kama imelipa kodi.

Rejeta ni jina la Pyarali, mumewe. Nyumba ile ya zamani haipashwi joto kwa upepo wa moto kama nyingine za mtaa. Chini kwenye besmenti kuna boila inayochemsha maji, na pembeni mwa boila kuna pampu, haizidi nazi kwa ukubwa, ambayo kazi yake ni kuyasukuma maji hayo yapande juu, yazunguke ndani ya machuma mazito yaliyoegemea kuta za kila chumba, kisha yarudi chini yakapashwe tena. Siku waliyohamia Pyarali aliyatazama machuma yale akasema ni rejeta za malori yaliyopotea njia. Tangu hapo ni rejeta, na hata wageni wanaziita hivyo. Sasa pampu ikifa, boila inabaki kuchemka peke yake huko chini, mpishi asiye na wa kupeleka chakula mezani, na watu juu wanaganda.

Na hii ilikuwa pampu ya tatu kufa.

Usidhani Zohra aliogopa baridi. Mwanamke aliyetoka Mwanza na sweta moja, akavuka miaka ya mwanzo ya Kanada ndani ya makoti ya watu, haogopi baridi. Alichokiogopa ni mwanawe.

Naeem hakuwa mtoto mbaya, Mungu apishie mbali. Alikuwa na kasoro ya watoto wema: akikupenda anataka kukubeba mgongoni hata kama miguu unayo. Krismasi iliyopita ilipokuja ile mvua ya barafu, umeme ukakatika nusu ya mji na miti ikavunjika chini ya uzito wake, Naeem aliwachukua wazazi wake akawapeleka ghorofani kwake, mahali ambapo kila kitu kina kitufe na hakuna hata kimoja kinachohitaji spana. Pyarali alikaa dirishani na koti lake mwilini kama abiria. Hakula cha maana. Hakubishana na mtu, na Pyarali asiyebishana ni mgonjwa. Zohra alimtazama mume wake akizimika kidogo kidogo mbele ya dirisha lile safi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamwogopea kweli.

Umeme uliporudi, Naeem aliwarudisha nyumbani kwa sharti moja. Joto likikatika tena, nyumba inauzwa, nao wanahamia jengo la kwake, kwenye nyumba aliyokwisha kuwatafutia. Zohra alitaka kupinga, lakini Pyarali alimwahi. Alikubali palepale, tena kwa kiburi, mikono nyuma.

"Haitakufa," alimwambia mwanawe. "Naitunza mimi."

Haya basi. Imekufa.

Ijumaa hiyo Zohra alijaribu kuifanya siri. Wapi. Naeem alipopiga simu mchana aliyeipokea ni Pyarali, na Pyarali uongo haujui, ulimpita pembeni tangu utotoni. Naeem akasema kwa Kiingereza chake cha upole, maana Kiswahili cha wazazi wake alikielewa chote ila mdomo ulikataa kukisema, kwamba atakuja kesho adhuhuri na maboksi. Pyarali akairudisha simu mahali pake, akaenda kukaa dirishani. Koti lilikuwa tayari mwilini.

Hapo Zohra akapiga moyo konde. Alikumbuka kwamba kwenye duka la Wakenya anakonunua mihogo alisikia wakimsifia fundi mmoja, binti wa Kimeru aitwaye Kagendo, kwamba yule hatengenezi maboila, anayafufua. Akaitafuta namba. Akampigia kwa sauti ile ambayo akina mama wote wa Afrika Mashariki wanayo na huitoa siku za shida tu, na Kagendo akasema atafika kesho asubuhi. Pyarali alipoambiwa hakugeuka hata shingo. Alisema mafundi wa mji huu amekwisha kuwaona, wanabadilisha pampu kama wanavyobadilisha balbu, wanaaga. Aje tu, akitaka.

Alikuja Jumamosi, kabla chai haijachujwa. Mfupi, mpana wa mabega, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Mlangoni alivua mabuti yaliyojaa theluji, akatoa kwenye mkoba wake raba safi za kuvaa ndani ya nyumba za watu, akazivaa, ndipo akakanyaga zulia. Zohra alimpenda kuanzia hapo. Mafundi wawili waliotangulia waliingia na matope yao, na Zohra alipiga deki huku akisema maneno ambayo hayafai kurudiwa.

Walishuka besmenti. Kagendo hakufungua kitu. Aliweka sanduku lake la vyombo chini, akasimama tu, akiitazama boila na mabomba yake kama mtu anayesalimia ukoo mzima kabla ya kusema shida iliyomleta. Kisha akaanza kugusa. Bomba linalotoka kwenye boila lilikuwa la moto kiasi cha kuurudisha mkono. Lile linalorudi kutoka vyumbani lilikuwa baridi kama kaburi. Akasema moto unazaliwa vizuri, ila hausafiri. Akatoa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye pampu na mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Zohra naye akajikuta amezuia pumzi. Kagendo akampa bisibisi asikilize mwenyewe, na kweli, ndani mle palikuwa na mngurumo mdogo, wa kitu kinachojitahidi kikashindwa. Akapima umeme, umeme ulikuwepo. Kwa hiyo pampu inapewa chakula na inataka kufanya kazi, akasema, lakini kuna kitu kimeishika.

Yote hayo aliyasema kwa sauti, maana Kagendo alikuwa mtu wa kuongea na kazi yake. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Alijua anajua, na hakuona sababu ya kumficha mtu jambo hilo. Zohra, ambaye maisha yake yote aliishi na fundi, alimtazama kwa raha ambayo hakuitegemea asubuhi kama ile. Kuna watu wakifanya kazi unapata usingizi. Huyu ungeweza kumlipia tiketi.

Akazima umeme, akafunga koki mbili zilizoishika pampu huku na huku, akaweka sufuria chini, akafungua. Kilichotoka si maji. Kilikuwa kitu cheusi, kizito, kama uji wa ulezi uliosahauliwa jikoni ukaungua. Kile kigurudumu kidogo cha ndani kilikuwa kimezama humo na hakikuweza kugeuka hata kwa kidole. Kagendo akachomoa sumaku mfukoni, akaisogeza kwenye uji ule, na uji ukairukia.

"Hii ni chuma, mama," alisema. "Nyumba yako inajila yenyewe."

Mwingine angefunga pampu mpya hapo hapo akaondoka, na ndivyo walivyofanya wenzake. Kagendo alikaa juu ya sanduku lake akaanza kuuliza. Ya kwanza ilikufa lini? Zohra akavuta kumbukumbu. Pampu waliyoikuta na nyumba iliishi utoto wote wa Naeem, shule yake, chuo chake, hata harusi yake, wala hawakuwahi kujua iko wapi. Ikaja kufa baridi ile ya kwanza Pyarali alipoacha kazi kwenye karakana ya milango. Iliyofuata haikudumu. Na sasa hii. Aliyasema hayo bila kuyasikia, kama mtu anavyotaja majina ya watoto wake.

Kagendo akaomba kuziona rejeta za juu. Akapanda na kifunguo kidogo, akaifungua ile ya chumba cha zamani cha Naeem pembeni, na badala ya maji ikatoa upepo, ssss, ukaendelea mpaka Zohra akadhani nyumba itabonyea. Akatingisha kichwa. Akaeleza kwamba maji ya humu si ya kubadilishwa, ni yale yale mwaka hata mwaka, yamefungiwa. Hewa hii na kutu ile huletwa na maji mapya. Kwa hiyo mahali fulani nyumba hii inavuja, na kila inapovuja, kuna kidude huko besmenti, kwenye bomba la maji ya mjini, kinachoingiza maji mapya kufidia. Tukiuona mvujo, tumemwona mwuaji.

Wakautafuta. Kagendo alipita chumba hadi chumba na tochi, akilala kifudifudi chini ya kila rejeta, akipapasa sakafu, akiinua pembe za mazulia, akitazama dari kama mama anayemkagua mtoto wa homa kila kunjo la ngozi. Walipita nyuma ya Pyarali dirishani. Hakugeuka. Hawakuona hata tone. Waliporudi besmenti Kagendo alikaa juu ya sanduku lake, akaivua kofia akajikuna kichwa. Maji yanaingia, alisema mwishowe, na hayatoki popote. Haiwezekani.

Ndipo waliposikia hatua kwenye ngazi.

Pyarali alikuwa anashuka na ndoo. Koti alikuwa amelivua. Kununa kulikuwa kununa, lakini Jumamosi ni Jumamosi, na tangu aache kazi hapajapita Jumamosi ambayo hakushuka na ndoo ile. Akamwomba binti ampishe kidogo, kwa adabu, kama daktari anayemwomba nafasi daktari mwenzake kitandani pa mgonjwa. Akainama. Chini kabisa ya boila palikuwa na koki ya shaba. Koki nyingine zote za besmenti ile zilikuwa zimefubaa, nyingine zimegandia rangi ya mwenye nyumba wa zamani. Hii mkono wake wa kufungulia uling'aa kama bangili. Akaweka ndoo, akaifungua yote kwa mara moja, maji meusi yakaruka. Midomo yake ikawa inahesabu kimya. Akaifunga. Akaifungua tena, na tena, mpaka maji yakatoka meupe.

Na juu ya vichwa vyao, kwenye bomba jembamba la maji ya mjini, kidude kile kikaanza kulia taratibu, kikiingiza mapya.

Miaka yote Zohra hakuwahi kuisikia sauti ile. Siku hiyo aliisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Pampu zile hazikuuawa na baridi wala na mafundi wabovu. Ziliuawa na mikono iliyozipenda kuliko mtu yeyote. Na kila moja ilipokufa, Pyarali alizidisha kuisafisha boila, masikini, akidhani hajaitunza vya kutosha.

Akamtazama Kagendo, akaona naye ameona. Macho ya Zohra yalisema yote: nakuomba, mwanangu, nakuomba. Huyu mzee akiambiwa kwamba ameiharibu nyumba yake mwenyewe, naye mwanawe yuko njiani na maboksi, sitabaki na mtu. Atalivaa lile koti na hatalivua tena.

Kagendo hakuwa anatazama ndoo. Alikuwa anautazama mkono wa Pyarali.

"Mzee," alisema, "wewe ulifanya kazi kwa boila ya mvuke."

Pyarali akanyooka, mgongo ukilia. Akauliza amejuaje. Kagendo akasema ni vile unavyofungua. Watu wa nyumbani hufungua koki polepole, wanaiogopa. Yeye anafungua yote, anahesabu, anafunga. Chuoni walifundishwa hivyo kwenye picha, hajapata kumwona mtu aliyeifanya kweli. Akamwomba amwonyeshe tena, lakini hewani, bila kuigusa koki. Na Pyarali, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna mtu wa nchi hii aliyewahi kumuuliza alikuwa nani kabla ya milango, akainua mkono akaonyesha.

Basi ulimi ukafunguka. Kiwanda cha kuchambua pamba, Mwanza, yeye kijana mwembamba. Boila kubwa kama nyumba, inakula magogo na maganda ya mbegu. Msimamizi wake Msukuma mwenye sauti ya radi, na amri moja tu juu ya amri zote: kila asubuhi, kabla hujanywa chai, itemeshe. Fungua koki ya chini, iteme matope yake. Siku utakayosahau, utatuzika sote. Hakusahau hata siku moja. Zohra hadithi hii aliisikia zamani, kabla hawajaoana, na hakuikumbuka mpaka dakika ile. Alimwona kijana yule amesimama kwenye besmenti ya North York na sweta ya mzee, na alimpenda mpaka akaona aibu mbele ya mgeni.

"Na matope hayo yalikuwa yanatoka wapi?" Kagendo akauliza.

Pyarali akamtazama kwa huruma. Wakenya, akasema, mbali ya kukiua Kiswahili hata pamba hamjui. Matope yanatoka kwenye maji ya ziwa. Kila siku unaingiza maji mapya, mvuke unakwenda kuendesha mashine, uchafu unabaki chini. Usipoutoa unarundikana.

"Sawa. Na hii ya hapa, mvuke wake unaenda wapi?"

Pyarali akaitazama boila yake. Akafuata kwa macho bomba linalotoka, likapotelea darini, akalitazama linalorudi. Akaitazama sumaku yenye ndevu nyeusi juu ya sanduku. Kile kidude cha juu kilikuwa kimemaliza kulia. Zohra alitamani kuongea, aseme lolote, hata habari za chai, lakini Kagendo alimgusa mkono kidogo tu, na wote wawili wakamngoja.

"Hauendi popote," Pyarali alisema. "Hakuna mvuke. Maji ni yale yale."

Akakaa kwenye ngazi. Hakuuliza chochote zaidi, kwa sababu fundi haulizi anachokiona. Alitazama mikono yake tu. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, akasema basi ni yeye, zote tatu ni yeye.

Kagendo alivuta sanduku akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Hakumwambia si kitu, maana ilikuwa kitu. Alimwambia maji mapya huja na njaa. Yakifungiwa humu yanauma chuma kidogo, hewa yao inaisha, meno yanakatika, basi yanakaa na chuma miaka hamsini bila ugomvi. Yanakuwa meusi, ndiyo, lakini weusi ule ni uzee tu. Wewe kila Jumamosi uliwafukuza wazee, ukaleta wenye njaa.

"Kazi yako ni safi, mzee," alisema. "Mimi mwenyewe ningekuajiri. Ni ya mashine nyingine tu."

Zohra aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta kitambaa. Alilia kidogo, kilio cha shukrani. Aliwahi kuwaona madaktari waliompa mtu habari mbaya wakitazama saa. Binti huyu alimshika mzee mkono mpaka kwenye ukweli, akamwacha aufungue mlango mwenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa, na Zohra alijiuliza ni mama gani huko Meru aliyemuunda huyu.

Baada ya hapo nyumba ikageuka karakana. Pyarali hakurudi dirishani. Walisafisha bomba hadi bomba, kutemesha kwa mwisho, Pyarali akasema, na mara hii kwa ruhusa ya fundi. Kagendo akafunga pampu mpya aliyokuja nayo, akamwonyesha Pyarali mshale ulio mgongoni mwake unaosema maji yaende upande gani, wakajaza maji, wakatia dawa ya kuzuia kutu. Kisha Pyarali akapewa kifunguo akapanda juu kuzitoa rejeta hewa, naye Kagendo akabaki chini akitazama geji ya presha. Wakawa wanaitana kupitia sakafu. Hewa, anasema wa juu. Ngoja, anasema wa chini. Maji sasa, anasema wa juu. Funga, nenda nyingine. Zohra alisimama jikoni katikati yao, sufuria ya chai mkononi, akisikiliza Kiswahili kikipanda na kushuka ndani ya nyumba yake. Mmoja alisema "pampu inazunguka" na mwingine "pampu inafanya kazi," na walibishana hata hapo. Pyarali alikuwa anabishana. Zohra alitia tangawizi mara mbili kwa furaha.

Kabla Kagendo hajafungasha, Pyarali alishuka akamwomba jambo. Autoe mkono wa ile koki ya shaba, ibaki shina tu. Kichwa kimeelewa, alisema, lakini mkono huu una miaka yake, siuamini. Kagendo akafungua skrubu, akamtilia ule mkono kiganjani, unang'aa vilevile.

Naeem aliwakuta mezani. Aliingia na maboksi matupu chini ya makwapa, baridi ikimfuata mgongoni, akasimama. Baba yake alikuwa amevaa shati lililoloa, doa jeusi shavuni, amekunja mikono. Naeem akaweka maboksi ukutani, akamsalimu mgeni, akamuuliza kwa Kiingereza tatizo lilikuwa nini hasa.

Kagendo akajibu kwa Kiswahili, kwa utulivu, kwamba matope yaliingia kwenye pampu, na sasa yamesafishwa, na haitarudia. Kila neno lilikuwa kweli. Zohra akamwomba Mungu yaishie hapo.

"Hapana," Pyarali akasema. "Hiyo ni nusu. Njoo chini, nikuambie iliyobaki."

Wakashuka, baba mbele. Zohra alisimama juu ya ngazi, haya hana, akasikiliza yote. Pyarali hakujipunguzia. Alisema ni mimi niliyeziua, kisha akamweleza kwa nini, na ili aeleze kwa nini ilibidi aanzie Mwanza: boila kama nyumba, magogo, yule Msukuma, chai isiyonyweka kabla ya kutemesha. Akamweleza mvuke, akamweleza maji yasiyo na mvuke, akamgusisha bomba la kwenda na la kurudi, yote mawili ya moto. Mwanzoni Naeem aliuliza kwa Kiingereza. Baadaye maswali yakawa marefu. Kisha Zohra akasikia kitu ambacho hakukisikia tangu mtoto akiwa wa kubebwa, Naeem akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Baba, wewe ilikuwa engineer?"

"Nilikuwa mtu wa boila," Pyarali akasema. "Hukuuliza."

Akachukua mkono wa mwanawe, akamwekea ule mkono wa koki ndani yake, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Nyumba niachie mimi," alisema. "Huu kaa nao wewe."

Walipanda juu, na Zohra akakimbilia jiko kana kwamba alikuwepo huko muda wote. Naeem alikunywa chai yake yenye tangawizi mara mbili bila kulalamika. Akasimama, akaenda ukutani, akachukua boksi la kwanza, akalifungua chini, akalikunja likawa bapa. Akachukua la pili. Alipomaliza yote aliyafunga kwa kamba, akayapeleka nje kwenye pipa la karatasi, na aliporudi mfukoni mwa koti lake palikuwa na kitu kizito kilichovuta kitambaa upande mmoja. Kagendo alikuwa anavaa mabuti. Zohra alimfungia mkate wa kumimina wote, hakumkatia kipande, akamwita mwanangu, na akamaanisha.

Jumamosi iliyofuata Zohra aliamshwa na rejeta ikigonga-gonga. Akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, hapakuwa na mtu. Akasikia ngazi za besmenti, na mlio wa ndoo ikigonga ukuta. Mazoea yana taabu, alijua, na koki isiyo na mkono hufunguka kwa koleo. Akashuka bila kandambili.

Pyarali alikuwa ameipindua ndoo akaikalia. Kiganja chake kilikuwa juu ya bomba linalorudi, kimelala tu, kama unavyomgusa mtoto kuona kama amelala. Koleo halikuwepo. Pampu ilizunguka bila sauti.

"Unafanya nini, Baba Naeem?"

"Naiacha," alisema. Akasogea kidogo kwenye ndoo, ingawa ndoo ile haitoshi watu wawili. "Kazi ngumu hii. Njoo unisaidie."